Fundi Aliyekosa Mazishi

Siku Riyadhi alipokutana na Alistidia, alikuwa anatukanwa tangu ofisi zilipofunguliwa, na ukweli ni kwamba alistahili.

Foleni ilianzia kwenye kaunta ya duka la steshenari lililo mtaa wa nyuma ya stendi ya Bukoba, ikatoka nje, ikampita muuza maparachichi, ikaishia ukingoni mwa mtaro. Haikuwa foleni ya wanafunzi. Walikuwa wafanyakazi wazima wa kampuni moja ya kununua kahawa, vitambulisho shingoni, flashi mikononi, kila mmoja amenuna. Kompyuta zao zilikuwa zimewekewa mfumo mpya mwishoni mwa juma, na Jumatatu hiyo zilipowashwa hazikutambua printa hata moja. Kazi zote zikaja kuchapwa mtaani.

"Kwani nani alilalamika kwamba kile kitufe kiko kushoto?" aliuliza Ma Joyness, mhasibu, mama wa makamo mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Miaka yote nakibonyeza kushoto. Leo nafungua, kimehamia katikati! Nimekaa na kompyuta ile kuliko nilivyokaa na mume wangu, halafu anakuja kijana ananihamishia vitu bila hodi."

"Mimi inanitaka nijiandikishe," alisema Kyaruzi wa stoo. "Jina, namba ya simu, mpaka uso wangu inautaka. Kompyuta ya kuhesabia magunia, uso wangu ni wa nini?"

"Lakini inapendeza jamani," alijitosa Josia, kijana wa idara ya masoko. "Inang'aa. Na haikwami kama ile ya zamani."

"Kung'aa kunachapa barua?" Ma Joyness alimkata kauli. Josia akaangalia viatu vyake.

Nyuma ya kaunta Alistidia alikuwa anapokea flashi huku na kutoa karatasi kule, na kicheko kimemjaa mdomoni. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, limembana kiunoni na kuachia chini. Nywele alikuwa amesuka twende kilioni, zile za haraka haraka, lakini kichwani kwake zilipendeza kuliko misuko ya siku nzima. Foleni ilipokaribia kwisha akajikuta anatazamana na kijana mrefu, shati la samawati limelowa jasho mgongoni, ambaye hakutaka kuinua uso.

"Karibu, kaka. Tunachapa nini?"

"Tangazo tu," alisema kwa sauti ya chini.

Alistidia akafungua faili na, kwa mazoea yake ya kusoma kazi ya mteja kwa sauti, akaanza. "Ndugu wafanyakazi, kitengo cha kompyuta kinaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza baada ya..." Akanyamaza. Watu waliokuwa bado wanapanga karatasi zao mlangoni wakageuka wote.

"Heee! Kumbe ni huyu hapa!" alisema Ma Joyness. "Amejificha nyuma yetu! Riyadhi, wewe hata radhi unakuja kuichapa huku?"

"Printa haisomi, mama," Riyadhi alijibu.

Alistidia alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho na kumpa tangazo lake. "Waitu, kaka, Mungu akubariki sana. Tangu nifungue duka hili sijapata Jumatatu kama hii. Kwa nini usiwe unaharibu kila wiki?"

"Nitaharibu hata kesho, kama utacheka tena hivyo," alisema Riyadhi. Maneno yalimtoka kabla hajayapima, na yeye mwenyewe akashangaa.

"Eti nini?"

"Nimesema ahsante." Akachungulia kompyuta yake, mashine nyeusi ya zamani yenye kibandiko cha aya ya Zaburi. "Na wewe bado unatumia ule mfumo wa zamani. Wenyewe walioutengeneza wamesema wanaacha kuutunza. Nikuwekee mpya? Kwako bure."

"Gusa uone," alisema Alistidia. "Huo mkono nitaukata niutundike pale kwenye kalenda."

Ndivyo walivyoanza. Kesho yake Riyadhi alirudi kuchapa kitu ambacho hakikuhitaji kuchapwa. Keshokutwa akaja na maparachichi. Baada ya hapo hakutafuta tena kisingizio. Jioni walitembea ufukweni, yeye amekunja suruali, Alistidia kashika viatu mkononi, wakigombana kuhusu kompyuta, na simu zao zikawa moto.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula matusi, mpenzi. Leo Ma Joyness kanifananisha na ugonjwa wa migomba."

"Hayo hayashibishi. Pita nikupe ndizi na maharage."

"Nikipita, nigusie ile mashine kidogo?"

"Riyadhi!"

"Natania, mama. Natania."

Hakuwa anatania. Yule kijana aliamini mfumo mpya kwa moyo wote, na kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyemshukuru. Alikuwa amesafisha kompyuta za Bukoba mpaka ofisi ya Muleba, printa zote sasa zilisoma, na watu walinuna vilevile. Wengine walikuwa wameshauzoea mfumo lakini walimnunia kwa heshima ya hasira zao za mwanzo. Alitaka mtu mmoja tu amwambie kwamba alifanya vizuri, na mtu huyo alitaka awe Alistidia. Mimi hapo sina la kumlaumu.

Kulikuwa na jambo kubwa kuliko kompyuta. Alistidia alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, wa familia ya wakulima wa Kishanda, huko Muleba. Riyadhi alikuwa Mwislamu wa Hamugembe; babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa Bukoba, hakurudi. Wenyewe wawili walikuwa wamekubaliana kwamba hilo watalizungumza wakifika. Kishanda hawakutaka kungoja. Baba yake Alistidia alikuwa ameshafariki, na mwenye neno nyumbani alikuwa Ta Byabato, baba yake mkubwa, mzee wa mvi na maneno machache.

"Simkatai," Ta Byabato alimwambia Alistidia kwenye simu. "Dini yake ni yake. Ila kwetu mtu wa kuoa tunamwona kwenye msiba, hatumwoni kwenye picha. Siku tukipata shida, nitaangalia kama yupo. Akiwepo tutaongea."

Alistidia alimfikishia Riyadhi neno hilo lote, bila kupunguza. "Umesikia? Siku ya shida, uwepo."

"Nitakuwepo," alisema Riyadhi. "Nitafika kabla ya mchungaji."

Shida ilikuja Ijumaa moja ya Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeshika. Bibi Kokugonza, mama yake Ta Byabato, aliyemlea Alistidia tangu akiwa mdogo, alifariki asubuhi, na mazishi yakapangwa kesho yake mchana. Alistidia alipopokea simu alilia, akajifuta, akakaa kwenye kompyuta yake na kuandika wasifu wa bibi: alivyozaliwa, alivyoolewa, watoto aliowazaa na waliokufa, kahawa aliyopanda kwa mikono yake, nyimbo alizopenda. Akaweka picha, akapanga ratiba ya ibada. Ndugu wa mjini walikuwa wameshajaa kwenye gari stendi wanampigia honi.

Riyadhi alifika akihema. Alistidia akampa ufunguo wa duka.

"Kila kitu kiko tayari hapo. Chapa nakala mia, uje nazo kesho asubuhi. Nitasoma mimi wasifu wake. Riyadhi, usikose."

"Sitakosa, mpenzi. Nenda. Pole, mama yangu, pole sana."

Akamkumbatia, gari likaondoka.

Angefungua faili, achape, afunge duka, akalale. Lakini mashine ilikwama kwenye picha ya bibi. Akaizima, akaiwasha, ikakwama tena. Na mfukoni alikuwa na ile flashi ya mfumo mpya, anayotembea nayo kama wengine wanavyotembea na rozari. Akajiambia kwamba ni kazi ya muda mfupi. Mashine itakuwa nyepesi, picha itatoka safi, Alistidia akirudi kutoka msibani atakuta kompyuta mpya na kuona alivyopendwa. Ile mikwara ya kukatwa mkono aliichukulia kama mapenzi. Hata kuhifadhi faili pembeni kwanza, jambo analowahubiria watu kila siku, hakukumbuka. Akachomeka flashi, akabonyeza kukubali.

Asilimia zikaanza kupanda. Nje mvua ikanyesha. Zilipofika karibu na mwisho, umeme ukakatika mtaa mzima.

Tusimsingizie shetani, ni yeye. Umeme ulirudi alfajiri, na mashine ikawaka ikasema inarejesha mabadiliko, ikazima, ikawaka, ikasema vilevile. Simu ya kwanza ilikuwa ya shangazi yake, Bi Rahima, aliyemlea baada ya mama yake kufariki.

"Bado uko mjini, Riyadhi?"

"Kuna tatizo la karatasi, shangazi. Nikizipata tu naondoka."

"Karatasi ndiyo nini? Panda gari, mwanangu."

"Shangazi, wenzetu hawaziki kama sisi. Kuna ratiba, kuna wasifu, kuna nyimbo za kufuata. Bila karatasi mazishi hayaendi."

"Nimezika na Walutheri kabla hujazaliwa," alisema Bi Rahima. "Wanazika na watu. Ondoka sasa hivi."

Hakuondoka. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na si kwenye flashi. Alizaliwa katikati ya watu wanaozika haraka, kwa sanda na dua, bila karatasi yoyote, na misiba ya Walutheri aliijua kwa kuchapisha tu: makaratasi mazuri ya rangi, picha ya marehemu, namba za nyimbo. Akajenga kichwani kwamba mwili hauwezi kushuka kaburini mpaka yeye afike na bahasha. Alistidia alipopiga asubuhi alimjibu, "Naja." Alipopiga tena alimjibu hivyo hivyo. Baada ya hapo aliona aibu, akaiacha simu inaita juu ya meza huku akiitoa diski kwenye mashine na kuipachika kwenye kompyuta ya ofisini. Faili zilikuwepo zote, hazijapotea hata moja. Akachapa nakala mia za rangi, zikatoka nzuri mno, akairudisha diski dukani, akachukua gari hadi Muleba na bodaboda hadi Kishanda, matope yamemfika magotini.

Alikuta watu wananawa mikono ili wale.

Kaburi lilikuwa limeshafunikwa na mashada ya maua, kando ya nyumba, kibanjani, shambani mwa migomba. Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake wamejaa uani. Riyadhi alisimama katikati ya macho yote na bahasha yake kubwa. Baadaye alikuja kusikia yaliyotokea: mchungaji aliuliza wasifu wa marehemu, Alistidia akasimama mikono mitupu, akaanza kusema kwa kichwa, akafika kwenye kahawa ya bibi, akashindwa. Akaketi. Ibada ikaendelea bila wasifu.

"Poleni na msiba, wazee wangu," Riyadhi alisema. "Nimeleta... karatasi."

 Ta Byabato alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, baba."

"Weka hapo. Zitawashia moto wa jioni."

Akaziweka. Akatafuta pa kukaa, akapata ukingo wa benchi. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamwani, kilikuwa kinazunguka kwa wanaume, mkono kwa mkono, kama inavyofanywa kwa kila aliyefika nyumbani. Kilipomfikia jirani yake, jirani akachukua zake, akanyoosha mkono mbele ya kifua cha Riyadhi, akampa mtu wa upande wa pili. Riyadhi aliona, na kila mtu aliona kwamba ameona.

Alistidia alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alikuwa amejifunga kanga mbili, sauti imekauka.

"Ulikuwa wapi?"

"Mashine ilikwama. Nikasema niiwekee mfumo mpya iwe nyepesi, halafu umeme..."

"Ulifanya nini?"

"Alisti, nilitaka zitoke vizuri."

"Bibi yangu yuko kwenye jeneza, wewe unabadilisha mfumo?"

"Nilidhani bila karatasi hamtaweza kuzika. Nilikuwa nahangaika kwa ajili yako! Tangu jana sijalala!"

"Nani alikwambia tunazika kwa karatasi?" Sauti ilipanda, wanawake wa uani wakanyamaza. "Ungekuja mikono mitupu, Riyadhi! Ungekuja umelowa, ungekaa na wanaume, ungeshika jembe la kaburi, basi! Nilikuwa nageuka kila bodaboda ikilia. Nimesimama mbele ya watu natafuta uso wako. Hukuwepo!"

"Nisamehe. Mashine nitaitengeneza. Nitakurudishia mfumo wako wa zamani, kesho."

"Mfumo utarudi. Leo itarudi? Bibi atarudi azikwe tena ili wewe uwahi?" Akamnyooshea kiganja. "Lete ufunguo wangu."

Akautoa. Alistidia akaufumbata, akaondoka bila kugeuka.

Akizuiwa mapenzi, mtu wa mjini hupiga simu. Riyadhi alipiga mpaka akajikuta namba yake imefungiwa. Akamwandikia Josia, aliyekuwa dukani kuchapa, amwulizie Alistidia; Josia akajibu: "Kasema nikwambie hayupo, na amekaa hapa." Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka, Bi Rahima aliwakaanga, akawafunga vizuri kwenye jani la mgomba, Riyadhi akawapeleka mpaka kwenye kaunta. Alistidia alikuwa na wateja. Alikisukuma kifurushi kwa kidole kimoja mpaka kikarudi upande wa Riyadhi.

"Duka hili ni la kuchapa," alisema. "Una kazi ya kuchapa?"

"Sina."

"Basi unazuia foleni."

Ma Joyness alikuwepo kwenye foleni hiyo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tusi la kumpa. Mwenyewe alikuwa ameshakizoea kitufe cha katikati, na wiki hiyo alikuwa anataka kuuliza namna ya kuuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya nyumbani. Kyaruzi bado aliapa kwamba hataipa uso wake. Kuhusu Alistidia, mashine yake ilifufuliwa na fundi mwingine, na kwa kuwa ilikuwa imeshavuka nusu ya safari, ikafufuka na mfumo mpya. Ilichapa haraka. Picha hazikukwama tena. Aliichukia kwa hilo. Kila asubuhi ilipowaka bila tabu alihisi anaambiwa kwamba Riyadhi alikuwa sahihi, wakati hakuwa sahihi hata kidogo, na kifuani alikuwa bado anampenda na hajui pa kuyaweka mapenzi hayo.

Katikati ya Desemba, siku ya kazi, duka limejaa wazazi wanaotoa nakala za vyeti kwa ajili ya kujiunga na shule, Josia alipita mlangoni anakimbia.

"Unakwenda wapi na jua hili?" Alistidia alimuuliza.

"Hamugembe. Shangazi yake Riyadhi amefariki asubuhi. Wanazika baada ya adhuhuri."

Mashine ilikuwa katikati ya kuchapa. Alistidia hakuizima hata. Alinyanyuka, akachukua kanga yake kwenye kiti.

"Jamani tokeni, nafunga."

"Unafunga nini? Bado nakala zangu!" alipiga kelele baba mmoja. "Dada, hii ni biashara gani?"

"Njoo kesho unitukane. Leo nina msiba."

Alifika maiti haijatoka. Hakuwa na kitu mkononi, si sukari, si mchele, kwa sababu hakupita popote. Alivua viatu mlangoni, akajifunika kichwa, akaingia kwa wanawake, akakaa chini kwenye mkeka. Hakujua dua zinazosomwa, akainamisha kichwa tu. Walipoanza kuosha vyombo akaosha. Jeneza lilipotoka, Riyadhi alikuwa amelibeba kwa mbele, na alipopita uani alimwona Alistidia amesimama katikati ya shangazi zake wengine, macho mekundu. Akasita, na aliyekuwa nyuma yake akamsukuma begani aendelee.

Waliporudi kutoka makaburini Riyadhi alimkuta Alistidia kwenye bomba, mikono imejaa povu.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Ndivyo inavyofanywa."

"Alisti..."

"Usinianze. Sijaja kukusamehe. Nimekuja kumzika Bi Rahima. Senene wake niliwakataa, nilidhani ni wako; baadaye nikasikia alikaanga yeye." Akasugua sufuria kwa nguvu. "Unaona ilivyo rahisi? Nilisikia, nikaja. Sina karatasi, sina chochote."

"Alinipigia asubuhi ile," alisema Riyadhi. "Aliniambia niondoke. Alisema mnazika na watu. Sikumsikiliza." Akaanza kulia hapo hapo, mwanaume mzima, mbele ya masufuria. "Na sasa hayupo nimwambie alikuwa sahihi."

Alistidia alimwacha alie. Hakumgusa. Alimaliza sufuria alilokuwa nalo, akalianika juani, kisha akasema bila kumtazama, "Mwezi ujao tunasimika msalaba wa bibi, na ibada ya shukrani. Jumamosi ya pili. Ta Byabato hajui kama nakwambia."

"Nije na nini?"

"Ukileta kitu chochote nitakurudisha stendi."

Siku hiyo Riyadhi alifika Kishanda umande ukiwa bado kwenye migomba, hata turubai halijafungwa. Hakumwambia mtu kitu. Aliona vijana wanapasua kuni, akashika shoka. Alipasua vibaya, vipande vikaruka kila upande, vijana wakamcheka waziwazi, naye hakuacha. Viganja vikatoka malengelenge. Akabeba maji, akafunga kamba za turubai, akapanga mabenchi. Ta Byabato alipita mara tatu na hakumsalimu.

Mara ya nne alikuja amefura, simu yake kubwa mkononi, ile aliyotumiwa na mwanawe wa Mwanza.

"Wewe fundi! Hiki kitu kimejibadilisha chenyewe usiku. Nimelala, naamka, kila kitu kimehama. Namba ya mchungaji siioni, namba za kwaya sizioni. Nani amekiruhusu? Mimi nimekiruhusu?"

Vijana wakaacha kuni. Alistidia, aliyekuwa anamenya ndizi na wanawake, akaacha kisu hewani. Simu ilikuwa imenyooshwa mbele ya Riyadhi, na vidole vyake vilikuwa vinavijua vitu hivyo kuliko vinavyolijua shoka. Aliitazama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake mwenyewe.

"Mpigie mchungaji kwa hii, baba. Namba Alistidia anayo. Hiyo yako nitaitazama kesho."

"Kesho? Si kazi yako?"

"Ni kazi yangu. Ila leo nimekuja kwa bibi."

Ta Byabato aliviangalia viganja vyake vyenye malengelenge. Akaichukua simu ya Riyadhi, akampa Alistidia aingize namba, akaongea na mchungaji, akairudisha. Baadaye mchana ibada ilifanyika, msalaba ukasimikwa, na Alistidia akasoma wasifu wa Bibi Kokugonza kutoka kwenye karatasi aliyoichapa mwenyewe. Alipofika kwenye kahawa alisita, akainua uso, akatafuta kwa wanaume. Riyadhi alikuwepo, benchi la nyuma, viganja vimefungwa vitambaa. Akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Watu walipoketi, kikapu cha akamwani kilianza kuzunguka. Kilipita mkono kwa mkono, kikafika benchi la nyuma, na yule jirani wa siku ile akanyoosha mkono kumruka Riyadhi kama alivyozoea.

"Simama hapo," Ta Byabato alisema kutoka mbele.

Mzee akanyanyuka, akapita katikati ya mabenchi, akachukua kikapu mwenyewe. Akamwekea Riyadhi punje mbili kwenye kiganja kilichofungwa kitambaa.

"Tafuna," alisema. "Halafu kesho asubuhi unirudishie simu yangu ilivyokuwa. Sitaki mambo mapya."

"Utalala hapa?" Alistidia aliuliza kutoka kwa wanawake, kwa sauti ya mtu ambaye bado ana hasira zake na hajazimaliza.

Riyadhi alikuwa na kahawa mdomoni. Aliitikia kwa kichwa.